Maswali mnayotuuliza kuhusu vitabu vya majengo, historia na sanaa za pwani

Kabati letu liko Mji wa Kale, Mombasa: rafu sita, meza moja na feni inayopeperusha kurasa ikiwashwa namba tatu. Tunanunua, tunauza na kuazimisha vitabu vinavyohusu majengo ya Waswahili, historia ya pwani na sanaa zake. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa sana, kwa simu na pale mlangoni. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa swali lenyewe linataka maelezo. Mengine yamemalizika kwa sentensi mbili.

Sijawahi kusoma chochote juu ya majengo. Nianzie wapi?

Anza na jengo. Uko Mombasa, ingia Fort Jesus. Uko Malindi au Watamu, nenda Gede. Uko Dar, panda basi la Kilwa Masoko kisha uvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Tembea saa mbili bila kuongozwa na mtu, gusa kuta, kaa kwenye kivuli chake. Halafu njoo usome. Mtu aliyesoma kwanza akifika hutafuta kile alichoambiwa na kitabu, na mara nyingi hupita mbele ya kitu kizuri zaidi bila kukiona.

Kitabu cha kwanza tunachompa mgeni wa fani ni kile cha Mark Horton na John Middleton cha mwaka 2000 juu ya Waswahili. Mmoja alikuwa mchimbaji wa magofu, mwingine mtu wa kuketi barazani na kuuliza wazee, na kitabu kimefaidika na wote wawili. Asiye na pesa asome bure katika historia ya Afrika iliyotolewa na UNESCO kwa juzuu nane: juzuu ya tatu ina sura ya Masao na Mutoro juu ya pwani na visiwa vya Ngazija, na ya nne ina sura ya Matveiev juu ya ustaarabu wa Waswahili. Zote zinapakuliwa mtandaoni kihalali.

Lile buku kubwa la 2018 lililohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette usianze nalo. Ni makala kwa makumi, kila moja ya mtaalamu wake. Unalichungulia kama unavyochungulia kamusi.

Mnauza kitabu cha mwaka 1966 kwa bei ya juu kuliko kipya. Si kimepitwa na wakati?

Hicho ni cha Peter Garlake, juu ya majengo ya mwanzo ya Kiislamu katika pwani yetu. Ndiyo, maelezo yake mengine yamepitwa, hasa yanayohusu asili ya mitindo na tarehe za majengo. Lakini Garlake alisomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia kwenye akiolojia, na alifanya kazi ambayo wengi huikwepa: alipima. Misikiti, makaburi, nyumba, mihrabu, zote akazichora kwa kipimo kimoja ili msomaji aweze kuweka msikiti wa huku kando ya msikiti wa kule na kulinganisha.

Michoro haizeeki kama nadharia. Kuta za magofu huanguka, mizizi ya mibuyu huzipasua, bahari hula fukwe, na watu huchukua mawe kujengea. Usidhani ni magofu ya porini tu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka mchana kweupe. Lile ni jumba la Sultani Barghash la 1883, katikati ya mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na picha yake iko kwenye kadi za posta tangu babu zetu. Likianguka jengo kama hilo, mchoro uliopimwa vizuri ndio unaomwambia fundi ukuta ulisimama wapi na ulikuwa na unene gani. Picha nzuri ya machweo haimsaidii fundi.

Basi ukitaka kujua kama kitabu cha majengo kina thamani, usisome utangulizi. Fungua katikati, tafuta michoro, tazama kama ina kipimo. Kisichokuwa na hata mchoro mmoja wenye kipimo ni kitabu cha picha. Kinaweza kuwa kizuri mezani, lakini hatukiweki rafu ya majengo.

Nimesoma vitabu viwili. Kimoja kinasema miji yetu ilijengwa na Waarabu na Washirazi, kingine kinasema ni Waafrika. Nimwamini nani?

Swali hili limewahi kuvunja kikao cha kahawa hapa mlangoni, kwa hiyo tulijibu polepole.

Tazama kwanza mwaka wa kitabu. James Kirkman, aliyechimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958, alikipa kitabu chake cha 1954 jina linaloiita Gede mji wa Waarabu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kutoa juzuu mbili nzito mwaka 1974, naye aliona miji hii kama kazi ya wageni wa kutoka ng'ambo waliokuja na dini, biashara na ufundi wa mawe. Hawa hawakuwa watu wa kubuni mambo. Waliona mihrabu, waliona vyungu vya Uajemi na sahani za Uchina, na walikuwa na tarehe ya Kilwa, ile habari ya wafalme iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa namna yake mwaka 1552, inayosimulia ukoo uliotoka Shirazi, mji wa Uajemi. Waliamini kilichoandikwa na kilichong'aa. Vigae vya vyungu vya kienyeji, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote katika kila shimo, havikuwavutia sana.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akashuka chini ya msikiti wa mawe tabaka baada ya tabaka. Chini ya mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi akafika kwenye alama za nguzo za miti: msikiti mdogo wa karne ya 8, wa miti na udongo, kama nyumba za watu waliouzunguka. Mji haukuletwa na jahazi ukiwa tayari. Ulikua papo hapo, ukabadilisha vazi kutoka miti hadi matumbawe. Kitabu chake kilitoka 1996. Wakati huo Felix Chami alikuwa ameshaonyesha kwa pwani ya Tanzania, katika kazi yake ya 1994, jinsi vyungu vya wakulima na wafua chuma vya milenia ya kwanza vinavyoungana na historia ya miji hii. Chapurukha Kusimba naye akaja mwaka 1999 kuyaweka pamoja mambo ya miji na bara yake.

Wengine wakadhani mjadala umefungwa. Lakini mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, na ukaonyesha kuwa kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000: upande wa mama karibu wote Waafrika, upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi. Wazee wa hapa waliosimulia Shirazi wakacheka wiki nzima. Waliosema Uafrika nao wakacheka, kwa sababu lugha, chakula, vyungu na mama wa miji hii ni wa hapa.

Ushauri wetu: damu ya mtu na ufundi wa nyumba ni mambo mawili. Vinasaba havitakwambia nani alipanga chumba baada ya chumba. Hilo linasomwa kwenye ukuta, na ukuta wa Shanga unasema ulianza na miti.

Ibn Battuta alisema Kilwa ni ya mbao. Mbona tunaonyeshwa mawe?

Msafiri huyo wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na maneno yake ya Kiarabu yanataja ujenzi wa miti na mapaa ya majani. Ni zama zilezile ambapo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Wafasiri wamehangaika na sentensi hiyo. Wengine waliilainisha ili isigombane na magofu.

Sisi hatuoni ugomvi mkubwa. Watu wengi wa mji wa mawe hawakukaa kwenye mawe. Hata leo nyumba za makuti na udongo zikiondoka hazikuachii gofu la kupiga picha. Tena kumbuka kwamba safari ile iliandikwa karibu 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye, msafiri akisimulia na karani Ibn Juzayy akiandika.

Sehemu tunayoipenda zaidi ni fupi, ya usiku mmoja aliolala Mombasa: visima vifupi milangoni mwa misikiti, chombo cha mbao chenye mpini cha kuteka maji, mtu akiosha miguu kisha akiifuta kwenye mkeka mzito kabla ya kuingia. Hayo ni maelezo ya usanifu. Ukienda magofuni ukakuta birika na mahali pa kuwekea miguu kando ya mlango wa msikiti, utajua panatumikaje.

Nikifungua ukurasa wa ramani naona mistari tu. Inasomwaje?

Tafuta mihrabu. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, kwa hiyo katika ramani ya msikiti wowote wa pwani hii, pale ukuta unapobonyea kwa ndani ndipo kaskazini. Ukishapata kibla umepata dira, hata kama mchoraji alisahau mshale.

Halafu chukua rula, tazama kipimo, upime upana wa vyumba. Utakuta chumba kina urefu wa mita nane au kumi, lakini upana hauzidi mita tatu hivi. Sababu ni boriti. Mkoko ulionyooka unaofaa kubeba dari hukatwa kwa urefu wa mita 2.5 hadi 3, basi, na nyumba nzima inafuata kipimo cha mti huo. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Ghuba, na nyumba za zamani za kule nazo zina vyumba vyembamba vya aina hiyo. Mti mmoja umepanga vyumba vya watu wa bahari nzima.

Ukiona upana umezidi hapo, jiulize dari limebebwa na nini. Ndipo utaona nguzo, matao au kuba, kama zile za upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa wa karne ya 14.

Mwisho fuata milango kwa kidole tangu barabarani. Katika nyumba ya mawe ya Lamu utatoka daka (kibaraza cha mlangoni), uingie kiwanda (ua), msana wa tini na msana wa yuu (vyumba virefu vya kukaa, wa chini na wa juu), ndani, na sakafu inapanda kidogo kila unapozidi kuingia. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokaribia faragha ya wenye nyumba. Mgeni wa kiume aliishia mbali sana na ndani. Usam Ghaidan aliyachora haya yote mwaka 1975 na majina ya vyumba akayaacha kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, jambo tunalomshukuru hadi leo.

Kuna vitabu vya majengo kwa Kiswahili?

Vichache mno, ukimaanisha vitabu vilivyoandikwa kwa nia hiyo. Ni aibu, kwa sababu maneno yenyewe yote ni ya Kiswahili: boriti, kidaka, daka, baraza, sabule, wikio, mfaa, kizingiti, chokaa, tumbawe. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kueleza wikio kwa mstari mzima; mtoto wa Lamu anajua ni chumba kilichovuka juu ya kichochoro ili wanawake wa nyumba mbili waweze kutembeleana bila kushuka mtaani.

Lakini ukiacha kutafuta neno "usanifu" kwenye jalada, utavipata. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, una beti zinazopita chumba hadi chumba katika majumba ya Pate yaliyokufa: vidaka (vishubaka vya ukutani) vilivyokuwa vya sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, bundi wanakoroma ndani. Mshairi alikuwa akituonya na dunia. Sisi tunaokota vilevile kwamba vidaka vile vilipangwa vyombo vya kauri, na kwamba msikilizaji wake alijua hivyo bila kuelezwa. Kuna wachimbaji waliokuja kubishana juu ya kazi ya vidaka wakati jibu lilikuwa likiimbwa.

Kingine ni Desturi za Waswahili, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake wa Mrima. Hakihusu majengo, bali maisha yaliyojaza majengo: arusi, mazishi, ngoma, mapokezi ya wageni. Ukisoma ramani ya nyumba bila kitabu hicho unajua chumba kilikuwa na upana gani, hujui nani alikaa humo na alifanya nini. Tarehe za Pate na Lamu nazo zimo katika kundi hili.

Kwa Kijerumani, na tafsiri zake zipo, kuna kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, za mwaka 1886. Beit al-Mtoni leo ni gofu. Yeye alizaliwa humo na anakupitisha uani, bafuni na kwenye ngazi kama mtu anayetembeza mgeni kwao.

Kaburi kwenye kitabu limeandikwa mwaka 802. Kweli?

Ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kaburi lenye tarehe la Gede, 802, linakupeleka 1399 au 1400 (ulianza Septemba 1399). Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500, yaani 1107. Mlango wenye 1300 ni wa karibu 1883.

Nataka kitabu cha milango ya nakshi.

Vipo, na tutakuuzia, lakini sikiliza kwanza. Vingi vimepigwa picha mlango peke yake, umekatwa na ukuta wake kama kichwa bila shingo. Hakuna jina la mtaa, hakuna mwaka, na mara nyingine mlango ulishauzwa mara mbili na uko hotelini. Kitabu kizuri cha milango kinakwambia uko nyumba gani, unatazama wapi, na kinatofautisha ule wa kizingiti kilichonyooka, ule wa tao juu uliokuja baadaye, na ule wa Kigujarati wa mbao zinazokunjana. Kinasoma pia maandishi ya juu, ambako mara nyingi kuna aya na mwaka. Na kikikwambia misumari ya shaba iliwekwa kuzuia tembo wa Unguja, kirudishe rafuni. Hadithi ya tembo ni ya Bara Hindi. Hapa misumari ilikuwa pambo na fahari.

Mnavyo vya uchongaji wa Kimakonde na Tingatinga?

Vichache. Vya Tingatinga huondoka haraka kwa sababu ya rangi. Angalia tu kwamba kitabu kinamtaja Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao mgumu na akafariki 1972, na hakimalizii kwa twiga wa kuuzia watalii. Vya taarabu hatuna. Muulize jirani yetu wa kanda.

Na majengo ya baada ya uhuru?

Hapo ndipo rafu ina pengo kubwa. Beda Amuli, aliyesomea Haifa na kurudi kuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alichora soko la Kariakoo la Dar, lile lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Kila mtu wa Dar amenunua nyanya chini yake, na ni wachache wanaojua jina lake. Soko liliungua Julai 2021. Anayetaka kujua habari zake atapata makala nyingi kuliko vitabu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, mada ndiyo hiyo.

Kwa nini bei zenu zinatofautiana hivi kwa kitabu kilekile?

Kwa sababu ya ramani za kukunja. Ripoti za uchimbaji za zamani huwa na mifuko nyuma au karatasi zinazofunguka, na hizo ndizo hupotea kwanza. Niliwahi kuagiza juzuu ya Kilwa kwa muuzaji wa ng'ambo. Ikafika safi, jalada linang'aa, na mahali pa ramani pana mabaki ya gundi tu. Pesa hazikurudi. Tangu siku hiyo nahesabu michoro moja baada ya nyingine, na wewe fanya hivyo hivyo, hata ukinunua kwetu. Muhuri wa maktaba wa "kimeondolewa" haupunguzi kitu machoni petu. Muhuri wa maktaba usio na alama ya kuondolewa, hatununui kabisa.

Naweza kuazima?

Siku kumi na nne, ukiacha kitambulisho. Vyenye ramani za kukunja husomwa hapa mezani. Kahawa inanywewa nje.

Vitabu vyangu vinaota ukungu. Nifanyeje?

Usivipange ukutani moja kwa moja. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi, na kitabu kinachougusa hunywa pamoja nao. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya kabati, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu kwa futi moja. Usivifunge kwa mifuko ya nailoni, maana unyevu ukishaingia hautoki. Ukungu ukiwa mkavu ufute nje ya nyumba kwa brashi laini, pua ukiwa umefunga; ukiwa mbichi, kaushe kitabu kwanza kivulini penye upepo. Jua la saa sita hukausha kweli, ila hupinda jalada na kupausha wino.

Wadudu watoboao kurasa: funga kitabu kwenye mfuko, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kiache kiyeyuke ndani ya mfuko siku nzima kabla ya kufungua. Kwa vitabu vya ngozi na miswada ya kale usijaribu. Majani ya mwarobaini aliyokuwa akiyaweka marehemu mama yangu yalikuwa makavu; mabichi huacha madoa.

Babu aliacha sanduku la makaratasi ya hati za Kiarabu. Mtanunua?

La, na tunakuomba usimuuzie mtu kabla hujajua una nini. Pwani hii haikuandikiwa vitabu na wageni tu. Yenyewe ilikuwa inatengeneza. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu, karne ya 18 na ya 19, wenye mapambo ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Barghash alifungua kiwanda cha uchapaji Unguja karibu 1880, na vitabu vya madhehebu ya Ibadhi vikachapwa hapo. Sanduku la babu linaweza kuwa na barua za deni, utenzi, hati ya mauzo ya nyumba yenye mipaka yake yote minne, au vyote hivyo.

Piga picha kila karatasi kwa mpangilio ulioikuta, mbele na nyuma, mchana, bila taa ya kamera. Usiweke laminesheni. Usibandike kwa selotepu. Usinyooshe mikunjo kwa pasi, kama alivyofanya mzee mmoja mpenda usafi ninayemfahamu. Kisha mtafute anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kila mji una mzee au mwalimu wa madrasa anayejua. Ukitaka mahali pa kuhifadhi, zungumza na Nyaraka za Taifa za Zanzibar au za Kenya, na uombe risiti iliyoorodhesha karatasi moja moja.

Nyumba ya ukoo wetu itabomolewa mwezi ujao. Kuna kitabu kitakachotusaidia?

Kitabu hakitawahi, ila mnaweza kukianza wenyewe Jumamosi hii. Watu watatu wanatosha: mmoja ashike tepu, mmoja asome, mmoja aandike. Pimeni kila chumba urefu, upana na mistari miwili ya kukata katikati toka pembe hadi pembe, kwa sababu nyumba za zamani hazina pembe mraba. Pimeni unene wa kuta milangoni. Hesabuni boriti za kila dari na mwandike ngapi zimebadilishwa kwa mbao za dukani. Vidaka vichoreni kimoja kimoja. Pigeni picha ya kila ukuta, rula ikionekana.

Halafu mchukueni bibi, akae kwenye kiti katikati ya kila chumba, mumuulize panaitwaje, nani alilala hapo, maiti ilioshewa wapi, bi arusi alitokea mlango upi. Andikeni neno kama alivyolitamka, kwa lahaja yake, msilisahihishe. Kama ni Kiamu kiwe Kiamu.

Mtuletee nakala, ya asili bakini nayo. Na tepu ya mita tano haitoshi, azimeni ya mita thelathini kwa fundi.